Kilo Tano za Chumvi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 21 Machi 2020, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Busia, mpakani na Kenya. Salamu aliziacha kando. "Mwanangu, mpaka unafungwa. Kesho amka mapema ununue chumvi." Nikamuuliza, shangazi, chumvi ya nini tena? Akanijibu kwa ukali wa mtu anayeona muda unamkimbia: "Chumvi yenyewe inatoka wapi, si Kenya?"

Jumapili yake Waziri wa Afya, Jane Ruth Aceng, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Uganda, mwanamume wa miaka 36 aliyetua Entebbe akitoka Dubai. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama mbele ya duka la mtaani kwetu hapa Kisenyi, Kampala, nyuma ya watu kama ishirini, na karibu wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Pakiti ya kilo niliyozoea kuinunua kwa shilingi 1,000 iliuzwa 2,500. Nilinunua tano. Nyuma yangu alikuwa mama mmoja anayekaanga mihogo karibu na vinu vya mahindi. Alipofika dirishani, chumvi ilikuwa imekwisha.

Tangu siku hiyo nimesikia hukumu mbili juu ya watu kama mimi. Ya kwanza inasema tulikuwa wabinafsi na wajinga: ugonjwa unaua mapafu, sisi tunakimbilia chumvi, nchi haina upungufu, sisi tunautengeneza kwa mikono yetu. Ya pili inasema tulikuwa na akili timamu: mtu mwenye watoto anaposikia mpaka unafungwa na shule zinafungwa, akakaa akingoja aone itakuwaje, huyo ndiye wa kulaumiwa. Nimezipima zote mbili kwa muda mrefu, na siwezi kuikubali hata moja nzima. Kuogopa hatukukosea. Tulikosea kipimo. Na waliotuacha tuogope bila kutupa habari ya kupimia wana sehemu yao kubwa katika kosa hilo.

Nianze na chumvi yenyewe, maana wengi waliicheka hofu hii bila kuitazama kwa karibu.

Australia walipigania karatasi za chooni. Hong Kong, Februari 2020, wezi wenye visu walimpora msambazaji mamia ya karatasi hizo mbele ya duka kubwa. Sisi ilikuwa chumvi. Ukiitazama kwa jicho la mama wa nyumbani, utaona kwamba uchaguzi huu haukuwa wa kijinga. Chumvi haiozi. Haihitaji friji, na nyumba nyingi za Kisenyi hazina friji. Bei yake ni ndogo, hivyo mtu asiyeweza kuweka akiba ya mchele anaweza kuweka akiba ya chumvi. Tena haina mbadala. Ukikosa mchele utakula posho, yaani ugali wa mahindi, ukikosa posho utakula mihogo, ila ukikosa chumvi hakuna cha kuweka mahali pake, na maharagwe bila chumvi watoto hawayamalizi.

Kuna hesabu moja ambayo sikuiona ikielezwa wakati ule, nayo ndiyo inayofafanua kwa nini chumvi ilitoweka madukani haraka vile. Chukua duka dogo linalohudumia kaya 100. Kila kaya ikitumia kilo moja kwa mwezi, duka linauza kilo 100 kwa mwezi, yaani kama kilo 3 kwa siku. Sasa kaya zote 100 zije asubuhi moja, kila moja itake kilo 2 tu, kiasi ambacho hakuna atakayekiita ulafi. Mwenye duka anatakiwa awe na kilo 200 siku ambayo alijiandaa kuuza 3. Hiyo ni zaidi ya mara sitini. Unga wa posho hauko hivyo. Unga hununuliwa kila siku, au kila baada ya siku mbili tatu. Kaya zikinunua mara mbili ya kawaida, duka linalemewa mara mbili, na lori moja la ziada linatosha kuliokoa. Kitu kinachonunuliwa mara chache ndicho kinachoisha kwanza watu wote wanapokikumbuka siku moja.

Kwa hiyo rafu ilikuwa tupu, na rafu tupu haikuwa ushahidi kwamba nchi haina chumvi. Lakini nani alikuwa na njia ya kulijua hilo akiwa amesimama kwenye foleni? Macho yake yalimwambia kuna upungufu, na bei ikamwambia hivyo hivyo. Hata mtu ambaye hakuamini uvumi ilimbidi anunue, kwa sababu alijua jirani yake anauamini. Hapo ndipo neno "ujinga" linapokosa mahali pa kukaa. Kila mmoja katika ile foleni alikuwa na hoja nzuri ya kuwa pale, na jumla ya hoja zetu nzuri ilimnyima mama wa mihogo kijiko cha chumvi.

Shangazi naye hakuwa mzushi. Busia ni mji unaoishi kwa mpaka. Kuna wanawake wanaovuka na nyanya na mayai kila asubuhi, kuna walemavu wanaosukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zikiwa zimesheheni mizigo, kuna vijana wanaozijua njia zote za panya. Mpaka ukisema neno, Busia wanalisikia kabla ya Kampala. Na usiku ule ni kweli ilitangazwa kwamba mpaka unafungwa, ila unafungwa kwa abiria. Magari ya mizigo yaliachwa yaendelee kupita yakiwa na watu wachache ndani. Lori la chumvi kutoka pwani ya Kenya, huko Kilifi kwenye mashamba ya chumvi, halikuzuiwa hata siku moja kwa tangazo lile. Lakini katika tangazo la namna ile, sentensi inayosema "tunafunga" husikika hadi kijijini, na sentensi inayosema "isipokuwa mizigo" huishia kwa madereva na wakala wa forodha. Shangazi alipokea nusu ya kwanza akanipigia simu. Nusu ya pili niliijua baada ya siku tatu, pakiti tano zikiwa tayari juu ya kabati.

Wasiokuwa na umri wa kukumbuka hawawezi kuelewa kwa nini sauti yake ilikuwa na ukali ule. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa watu ambao wengi hawakuwahi kuagiza hata katoni moja ya sabuni. Waliotajirika kwa njia hiyo wakaitwa mafuta mingi. Biashara iliyofuata ikaitwa magendo. Maneno hayo mawili ni ya Kiswahili, na hata Mganda anayekana kwamba anajua Kiswahili anayajua. Sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kupangiwa, vya kupewa kwa kujuana, vya kungojwa kwenye foleni tangu alfajiri. Shangazi alikuwa binti mdogo wakati huo. Anakumbuka mche wa sabuni ukikatwa kwa uzi vipande vyembamba ili nyumba tatu zigawane. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia kwamba mpaka unafungwa, hangoji wizara itoe ufafanuzi.

Katwe nayo wengine walinitajia kama ushahidi kwamba hofu ilikuwa ya bure: nchi ina ziwa lake la chumvi kule Kasese, watu wameichimba kwa karne nyingi, sasa mnaogopa nini? Ni kweli tunalo ziwa. Lakini kiwanda kilichoanza kujengwa hapo miaka ya 1970 hakikudumu, maji makali ya ziwa yaliyala mabomba, na chumvi nyingi tunayonunua madukani bado inavuka mpaka kuja kwetu. Nipite hapo.

Sasa tuutazame upande wa serikali. Shutuma kwamba wananchi walitaharuki bila sababu inasahau jinsi matangazo yalivyokuja. Tarehe 18 Machi, Rais Museveni alitangaza kufunga shule na kuzuia mikusanyiko, ibada zikiwemo, kwa siku 32. Tarehe 21, mipaka na uwanja wa Entebbe kwa abiria. Tarehe 25, usafiri wa umma na masoko ya vitu visivyo chakula. Tarehe 30, magari ya watu binafsi, na agizo hilo likaanza kutumika saa nne usiku ule ule. Kesho yake ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Hotuba nne ndani ya siku 13, kila moja ikifunga kitu ambacho ile iliyotangulia ilikiacha wazi. Mtu aliyenunua mapema baada ya hotuba ya kwanza alijikuta amefanya jambo la maana ilipofika ya nne. Aliyetii, akangoja, akaamini kwamba kesho kutakuwa na takisi ya kumfikisha sokoni, alijikuta anatembea kwa miguu kutoka Kawempe hadi mjini.

Na zile siku 32 za shule? Shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Sisemi serikali ilidanganya. Ugonjwa ulikuwa mpya na hakuna aliyejua mwisho wake. Ninachosema ni kwamba mzazi aliyesikia "siku 32" na moyoni akasema "itakuwa zaidi" alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko tangazo. Huwezi kumwita mwenye taharuki mtu aliyekisia vizuri kuliko wewe.

Nitaongeza jambo moja ambalo wanaosifu ukali wa hatua zile hawapendi kulitaja kwa sauti. Kifo cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Julai 2020, miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza. Wao husema hatua ndizo zilizochelewesha kifo hicho, na huenda ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kwa miezi hiyo minne, jambo lililozijia nyumba za Kisenyi lilikuwa njaa. Mtu aliyetayarisha chakula kabla ya kutayarisha barakoa aliipanga foleni ya maadui zake sawasawa.

Hapa ndipo lazima nigeuke upande wa pili, kwa sababu nikiishia hapa nitakuwa nimejisafisha mwenyewe na kumwacha mama wa mihogo dirishani.

Hoja zote nilizotoa juu zina mwenye nazo, naye ni mtu mwenye shilingi 12,500 mfukoni asubuhi ya Jumapili. Kisenyi ni mtaa wa vinu vya mahindi, wapagazi, Wasomali wenye maduka, Wakongo na Warundi wanaotafuta maisha, wanawake wanaopika chai na mandazi kando ya barabara. Watu hawa hupokea cha leo, wakala cha leo. Unga hupimwa kwa kopo, mafuta kwa kipimo cha kikombe, sabuni kwa kipande. Huwezi kumwambia mtu wa kopo ajiandae kwa wiki mbili. Hana pa kuiweka akiba, wala hana cha kuinunulia. Kwa hiyo mwenye pesa anapojiandaa, asiye na pesa hapungukiwi kwa sababu ya uzembe wake. Anapungukiwa kwa sababu mwingine amechukua sehemu ya wiki nne kwa asubuhi moja, na bei anayoikuta jioni imepandishwa na mkono wa yule aliyetangulia.

Wanaotetea akiba hupenda kumtaja Nabii Yusuf, na Waislamu na Wakristo wote wanaijua habari yake: miaka saba ya neema, miaka saba ya ukame, na maghala yaliyoiokoa Misri. Nimeitumia hoja hiyo mwenyewe, mbele ya mke wangu, nikiwa na pakiti zangu mkononi. Lakini Yusuf aliweka nafaka wakati wa mavuno, sokoni kukiwa kumejaa, akaifungua watu walipoihitaji. Mimi niliweka wakati ambao rafu ilikuwa inaisha, nikaifunga kabatini. Tendo linafanana kwa macho tu. Akiba ya wakati wa neema humpunguzia jirani mzigo, kwa kuwa shida ikija wewe hutakuwa kwenye foleni. Akiba ya siku ya hofu inamtoa jirani kwenye foleni.

Mapokeo ya dini yetu yana makatazo ya wazi juu ya jambo hili. Mtume alisema kwamba hahodhi ila mkosaji. Masheikh wengi wamefafanua kwamba kuhodhi kunakokatazwa ni kule kwa mfanyabiashara anayeficha chakula ili kipande bei, na kwamba mtu kuiwekea familia yake chakula hakuingii hapo. Nakubali tofauti hiyo. Hata hivyo, kaya elfu moja zikificha kwa ajili ya familia, mama wa mihogo hupata matokeo yale yale ambayo angeyapata kwa mlanguzi mmoja mwenye ghala.

Na walanguzi je? Wakati ule hasira nyingi ziliwaelekea wafanyabiashara. Rais aliwaonya wanaopandisha bei kwamba watanyang'anywa leseni, na Waziri wa Biashara wa wakati huo, Amelia Kyambadde, naye akaonya. Watu walipiga makofi. Nilipiga pia. Leo sina uhakika kwamba makofi yale yalikuwa mahali pake.

Nitasimulia habari ya mwenye duka letu, kwa sababu kwangu mimi yeye ndiye kesi ngumu kuliko zote. Jumatatu, chumvi ilipokwisha mtaa mzima, alimtuma kijana wa boda boda kwa wauzaji wa jumla akaletewa katoni mbili, zote kwa bei mpya. Safari hii alikataa kuuza pakiti nzima. Alizipasua, akaimimina chumvi kwenye beseni, akaifunga kwenye vipande vya kavera, yaani mifuko ya plastiki, kila kifurushi shilingi 200. Kutoka kilo moja alipata vifurushi ishirini. Fanya hesabu: kilo iliyouzwa 2,500 siku iliyotangulia sasa imekuwa 4,000. Vijana wa mtaa wakamwita mlanguzi. Mmoja akatishia kumpeleka kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa.

Lakini siku hiyo mama wa mihogo alipata chumvi. Alipata kwa shilingi 200, ambazo alikuwa nazo, na hakuna mwenye gari aliyeweza kuondoka na katoni. Kwa kilo, alilipa zaidi ya bei niliyoilipa mimi. Kwa siku, alilipa kile alichoweza. Mwenye duka alipata faida, tena nzuri, na wakati huo huo alifanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyoifanya Jumatatu ile: aligawa. Nilipomuuliza baadaye kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa faida, alinitazama kana kwamba swali langu halina mashiko. "Kama ningeuza pakiti, saa tatu ningekuwa nimefunga duka. Wateja wangu wa kila siku wangekula nini?"

Sitaki kumfanya mtakatifu. Angeweza kuuza kifurushi kile kwa 150, na alijua hivyo. Bei iliyopanda kwa haraka inawaumiza watu ambao hawana pa kukwepea, na anayesema kwamba "soko litajirekebisha" mara nyingi ni mtu ambaye jiko lake halingojei marekebisho hayo. Ila wanaotaka bei zipangwe kwa amri na askari wasimamie wanapaswa kukumbuka kwamba nchi hii ilishajaribu. Mwaka 1975 Amin alitoa amri ya kuunda mahakama za makosa ya uchumi. Kuficha bidhaa au kuuza juu ya bei iliyopangwa likawa kosa ambalo mtu angeweza kupigwa risasi kwa ajili yake. Bidhaa hazikurudi madukani, zilizama zaidi kwenye magendo. Jirani zetu Tanzania, mwaka 1983, walifanya msako wao dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye wengi wanamkumbuka kwa heshima kama mtu mwadilifu. Hata kwa nia safi kama yake, maduka hayakujaa. Na Mtume mwenyewe, alipoombwa na watu apange bei zilipopanda, alikataa, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji. Mapokeo yale yale yanayomlaani mwenye kuhodhi yanakataa pia kumpangia muuzaji bei. Zamani niliona kama kuna mgongano hapo. Siku hizi naona kuna mwelekeo: tafuta anayefunga ghala, mwache anayefungua beseni.

Kitisho cha leseni kilikuwa na shida nyingine ya wazi zaidi. Kilimfikia mwenye duka la mtaani, ambaye yeye mwenyewe alinunua kwa bei mpya, na kikamwacha na njia mbili: auze kwa hasara au afiche. Neno ambalo lingemsaidia mwenye duka na mnunuzi kwa pamoja lilikuwa dogo. Malori mangapi ya chumvi yamevuka Busia na Malaba leo? Forodha wanayo hesabu hiyo kila jioni. Ingesomwa redioni kila siku kwa Kiganda, Kiswahili, Kilugbara na lugha nyinginezo, kama wanavyosomwa wagonjwa wapya. Tulihesabiwa wagonjwa kila siku kwa miezi mingi. Malori hatukuhesabiwa.

Wapo watakaosema hii ni ndoto, kwamba mwenye hofu hasikilizi takwimu. Nina sababu ya kutokubaliana nao. Tarehe 20 Septemba 2022 ilitangazwa Ebola wilayani Mubende, ya aina ya Sudan, isiyokuwa na chanjo iliyothibitishwa. Kwa kumuua aliyeambukizwa, Ebola inaizidi korona kwa mbali sana. Kufikia mwisho wa mlipuko ule, Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa na 55 kati yao wamefariki. Oktoba Mubende na Kassanda zilifungwa, na wagonjwa wakapatikana hadi Kampala. Hapa Kisenyi watu waliogopa: waliacha kupeana mikono, waliweka ndoo za maji milangoni, misikiti ilitangaza tahadhari. Sikuona foleni ya chumvi. Kama taharuki ya kununua ingekuwa inatokana na ukali wa ugonjwa, foleni ya 2022 ingefika soko la Owino. Haikuwepo kwa sababu wakati huo tulikuwa tumeshaona kwa macho, kwa miaka miwili mizima, kwamba binadamu huzuiwa na malori hupita. Habari ile ambayo mwaka 2020 hatukupewa, tulijifunza wenyewe kwa gharama.

Lakini nisije nikaonekana nasema kwamba kila hofu ya upungufu ni ya uongo. Juni 2021, wimbi la pili lilipokuja na nchi ikafungwa tena kwa siku 42, upungufu wa oksijeni ulikuwa wa kweli. Hapo hapakuwa na lori lililokuwa njiani ambalo kungojwa kwake kungetosha. Wenye uwezo walitafuta mitungi waiweke nyumbani "endapo itahitajika", na mtungi uliokaa chumbani ukingoja ugonjwa ni mtungi ambao haukuwa wodini. Dawa ya mitishamba ya Covidex, aliyoitengeneza Profesa Patrick Ogwang wa Mbarara, ilikimbiliwa vivyo hivyo, na bei yake ikapaa kabla hata mamlaka ya dawa haijairuhusu itumike kama tiba ya kusaidia. Ndimu na tangawizi zilipanda, mululuza, mmea wa majani machungu, uliokuwa unaota uani bila bei ukaanza kuuzwa kwa fungu. Chumvi ukiificha unamkosesha jirani ladha kwa wiki moja. Oksijeni ukiificha, unamkosesha pumzi. Katika jambo la namna hiyo naungana na wanaotaka mkono wa sheria uwe mzito, wala sioni hoja ya soko inayoweza kusimama mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Ndiyo maana nasema kosa letu lilikuwa la kipimo, na kipimo hakiwi kimoja kwa kila kitu. Kwa chumvi, kilo moja ya ziada ni tahadhari na tano ni kumchukulia mwingine. Kwa unga, wiki mbili ni busara kwa mwenye uwezo, mradi anunue kidogo kidogo kuanzia kabla ya kelele. Kwa oksijeni, ziada ni sifuri.

Serikali nayo ilipata kipimo chake. Tarehe 4 Aprili 2020 ugawaji wa chakula ulianza mtaa wa Bwaise, Kampala: kila mtu kilo 6 za unga, kilo 3 za maharagwe, na chumvi, kwa watu milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso. Kulikuwa na manung'uniko mengi kuhusu ubora wa maharagwe na kuhusu mitaa iliyongoja muda mrefu. Hata hivyo, mtu aliyepanga orodha ile alielewa jambo ambalo waliotucheka Machi hawakulielewa, maana aliiweka chumvi humo.

Mama wa mihogo aliacha kukaanga siku usafiri ulipositishwa, kwa sababu wapagazi waliokuwa wateja wake hawakuweza tena kufika vinuni. Alirudi mwezi wa Juni, mahali pale pale, na karai lile lile. Nimenunua kwake mara nyingi tangu hapo. Sijamwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa mbele yake siku ile, na sidhani anakumbuka mgongo wa nani ulikuwa pale.

Nyumba yetu ya watu wanne hutumia kama nusu kilo ya chumvi kwa mwezi. Pakiti ya tano niliifungua Desemba. Ilikuwa imeingia unyevu na kugeuka jiwe, ikabidi mke wangu aivunje kwa mchi. Wiki hiyo hiyo, dukani, pakiti mpya ilikuwa inauzwa shilingi 1,000.